Habari Zimfikie Bibi wa Wesha

Mtihani wangu wa kwanza wa kusoma redioni nilifeli kwa sababu ya tabasamu. Mhadhiri alinipa tangazo la kifo cha mtu wa kubuni, nami nikalisoma kama natangaza harusi. Si kusudi. Unguja ukifungua mdomo tu wanajua umetoka Pemba, darasa zima lilikuwa limeshaanza kucheka lafudhi yangu, na mimi nikichekwa hutabasamu. Mhadhiri akasema marehemu wangu inaelekea alifurahi sana kufa. Akaniagiza nikirudi likizo nitunge tangazo jingine, nikalirekodi kwa simu, niende nalo chuoni.

Basi nikawa nimekaa barazani kwetu Mtambile, najisomea kwa sauti nzito ya kuazima, bibi yangu mzaa mama akatoka jikoni.

"Yuko wapi huyo aliyekufa?"

"Hayupo, Bibi. Wa kubuni. Kazi ya chuo."

"Wa kubuni wa nini, na mie niko hapa?"

Nikacheka peke yangu. Bibi hutania kila kitu isipokuwa kifo chake, ambacho amekipanga kama watu wanavyopanga safari ya Hija. Sanda iko sandukuni, imewekewa karafuu wadudu wasiisogelee, na mara mojamoja huitoa ikapunga upepo. "Sanda nnayo," akaniambia, "kaburi mtanchimbia. Limebaki tangazo, na hilo siwaachii watu wasiojua jamaa zangu."

Alikuwa na haki. Kwetu tangazo la kifo husikilizwa kwa makini kuliko taarifa ya habari. Watu hungojea pale pa "habari ziwafikie", wasikie nani katajwa na nani karukwa, na aliyerukwa anaweza kununa hadi hitima ikapita. Bibi akakaa, akaanza kunitajia. Habari ziwafikie wapwa zake wa Micheweni. Ziwafikie wakwe zake wote, hata wale wasiostahili. Ziwafikie na Mhindi wa duka la nguo Chake Chake, "maana sanda yenyewe kaniuzia yeye, tena nzuri."

"Na bibi wa Wesha?" nikauliza. Huyo ni mdogo wake, ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa mama yao.

"Huyo habari zisimfikie."

Ugomvi wao ni wa jamvi. Msimu mmoja wa karafuu, mimi bado niko skuli, bibi wa Wesha aliazima jamvi la kuanikia. Bibi anasema halikurudi. Bibi wa Wesha anasema alilirudisha kwa mkono wake. Tangu hapo hawasemezani, na kwenye harusi za ukoo hukaa pembe mbili za ua, kila mmoja akijifanya anatazama mapambo.

"Chuoni tunafundishwa kusikiliza pande zote mbili," nikasema.

"Kasikilize huko huko chuoni. Hapa upande mmoja."

Nikarekodi alivyotaka. Safari hii tabasamu halikuja. Nilipofika "kifo cha bibi yetu mpenzi" sauti ilinikatika, nikaogopa kweli, naye yuko mbele yangu anachambua mchele. Nikamchezea. Akaisikiliza rekodi anatikisa kichwa, akasema nipunguze kilio kidogo, majina ya watu yasikike. Kisha akataka kusikiliza tena. Mara hii hakutikisa kichwa.

"Ndo basi?"

"Ndo basi, Bibi."

"Sasa huyo wa Wesha nani atamwambia?"

Nikaweka simu chini.

"Redio yake haizimi, toka asubuhi. Atakaa asikilize mpaka mwisho, angojee ajisikie." Akaacha kuchambua. "Atangojea tu."

Nikamwambia jambo jepesi, namwongeza sasa hivi.

"Usimtie kwenye kifo. Fungua hicho kidude nseme mie."

Nikafungua. Bibi akajiweka sawa ushungi kana kwamba simu inamwona, akatangaza: "Habari zimfikie mdogo wangu wa Wesha, popote alipo, ya kwamba mie mzima. Na Ijumaa, inshallah, naja kula kwake. Mwisho wa tangazo."

Kesho yake nikaenda Wesha. Nilimkuta bibi mdogo uani anapaa samaki magamba, redio inanguruma dirishani. Nilipomwambia nimebeba nini alinawa mikono kwa sabuni, akazima redio, akaishika simu kwa mikono miwili. Alipomaliza kuisikiliza sauti ya dada yake akanigeuzia mgongo.

"Sauti yake imezeeka," akasema. "Mwambie ntampikia pweza. Na asije na chakula chake, namjua."

Lile tangazo la kifo lilinifaulisha baadaye. Mhadhiri aliniuliza kwa upole marehemu alikuwa nani wangu, nikamwambia ni bibi yangu, hajambo, anakusalimu.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa ile aliyoahidi, Bibi alikwenda Wesha pamoja nami, na chakula chake. Bibi mdogo akatandika jamvi. Bibi akalitazama, akauona upindo aliousuka mwenyewe, akanitazama mimi, akalikalia. Hakuna aliyesema neno juu ya jamvi, na mimi nilijiumauma midomo nisicheke.

Baada ya kula bibi mdogo akataka naye asikilize hilo tangazo la kifo analolisikia kwa watu. Nikamchezea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona mie simo?"

"Utatiwa," akasema Bibi, macho kwenye sahani. "Mie mkubwa, ntatangulia mie. Sharti habari zikufikie."

"Hutangulii kokote," akasema mdogo wake, akamwongeza pweza. "Ndo kwanza umekuja."