Inchi za Mama Mkwe

Nkwabi hapandi gari. Si woga. Gari humzungusha kichwa, na kabla dereva hajaingiza gia ya tatu huwa ameshatapika. Yeye ni mtu wa ng'ombe, na wazazi wake walihamia bonde la Momba kutoka Usukumani wakiswaga mifugo kwa miguu. Kwa hiyo walipouza madume kadhaa wakanunua Landkruza kuukuu, ile inayoitwa mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi juu ya paa, aliyeshika usukani alikuwa mkewe, Conjesta.

Mwanzoni watu walikuja kutazama. Mwanamke mfupi, kiti amekivuta mbele mpaka kifua kinakaribia kugusa usukani, anapandisha gari mlimani likiwa na magunia ya mpunga, mbuzi na abiria. Baadaye walizoea. Siku za gulio aliwapeleka Tunduma, akawarudisha jioni na sabuni zao, mabati yao na vifaranga vyao. Mgonjwa akizidiwa kijijini, hodi ilipigwa kwa Conjesta kabla ya kupigwa kwa mganga.

Masika ndiyo yaliyokuwa na neno. Kule bondeni udongo ni mweusi, na mvua ikishanyesha unakuwa kama ugali uliokosa unga: unanata, unavuta, hauachii. Masika moja Conjesta alikuwa akimkimbiza jirani yake Stamili, aliyeshikwa na uchungu, gari likakaa. Matairi yalizunguka, tope likaruka, gari likazidi kuzama mpaka tumbo likalala chini. Wanaume walichimba kwa majembe na kukata matawi, wapi. Stamili alijifungulia palepale nyuma ya gari, juu ya magunia matupu, wanawake wenzake wamemzungushia khanga, mvua inapiga turubai. Mtoto alilia, mama akapona. Watu wakacheka na kumshukuru Mungu.

Conjesta hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini, akiyatazama matairi yaliyozama.

"Safari nyingine Mungu atakuwa na shughuli zake," alimwambia Nkwabi walipofika nyumbani. "Hili gari lazima niliinue."

"Liinue," Nkwabi alisema. "Mimi ungeniuliza habari ya ndama, ningekuwa na neno."

Barabara ilipoanza kukauka, Conjesta alilipeleka gari Tunduma kwa fundi Felix, ambaye gereji yake iko nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Felix ni Mnyiha wa Mbozi, mpole, mkono wake mwepesi, na hakuna kazi anayoipenda kama kuinua magari. Ukutani amebandika picha za magari marefu aliyoyatengeneza.

"Mama Angel, leo umekuja penyewe," alisema akifuta mikono, akimwita Conjesta kwa jina la mwanawe. "Tukupe inchi ngapi? Mbili, au nne?"

"Kuna tofauti gani?"

"Mbili ni za watu wa mjini, wanaotaka gari lipendeze. Wewe wa kule bondeni unataka nne. Springi mpya, shokapu ndefu, na matairi ya inchi thelathini na tano. Tope litakupigia saluti."

Gari wakati huo lilikuwa na matairi membamba ya inchi thelathini na moja hivi, yale lililokuja nayo. Mzambia mmoja muuza matairi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akinywa soda, aliinuka na kumwonyesha manne aliyoyaleta kutoka ng'ambo: mapana, meno yake makubwa kama matofali.

"Bamayo," alisema, akimwita mama kwa Kibemba, "haya ukiyavaa, hukwami tena. Kweli kabisa."

Conjesta aliyashika. Alimkumbuka Stamili akiuma khanga ili asipige kelele. Hakuuliza swali jingine. "Weka nne," alisema. "Na haya matairi."

Gari liliposhuka kutoka kwenye jeki, vijana wa gereji walipiga mbinja. Lilikuwa limesimama kama fahali. Conjesta alishika mpini wa mlango, akajivuta mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akapanda. Walicheka, naye akacheka.

Na kweli, masika yaliyofuata tope lilipata mwenyewe. Pale alipokwama na Stamili alipita bila kusimama. Magari mengine yalikaa, yeye akayavuta. Vijana wa bondeni waliliita gari lake Twiga, wakalipigia makofi linapopita, na Conjesta, ambaye maisha yake yote watu walikuwa wakimtazama kutoka juu, alijikuta akiwatazama wao kutoka juu. Ilimpendeza. Kwa nini isimpendeze?

Lakini kuna mambo aliyoyaona akayanyamazia. Kwenye mlima wa kutoka bondeni, katika kona zile zinazopinda huku upande mmoja ni korongo, gari lilianza kulala upande. Likiwa na magunia juu liliyumba kama mtu aliyebeba ndoo kichwani akiwa amelewa. Usukani ukawa mzito. Akikata kona yote, tairi linakwaruza bodi. Breki zikahitaji kukanyagwa mapema zaidi. Alijiambia ni suala la kuzoea.

Na wanawake walipungua. Hilo hakuliona upesi. Vijana walijaa kama kawaida. Waliruka tu, wakaingia. Wajawazito, wazee, wenye watoto mgongoni, ndio waliobaki kando ya njia wakisema, "Tangulia tu mama, nitapanda pikipiki." Waliosafiri ilibidi wasukumwe kutoka nyuma na wanaume, khanga zikipanda, nyuso wamezigeuzia pembeni.

Miongoni mwao alikuwa mama mkwe wake, Fides. Bibi huyu ana shinikizo la damu, na huenda kliniki mjini mara kwa mara. Ni mwanamke wa maneno machache na heshima nyingi, ambaye hata maji ya kunywa huomba kwa kuanza na "samahani". Tangu gari liinuliwe alikuwa amekosa kliniki mara mbili. Mara ya kwanza alisema kuku wake anaatamia. Mara ya pili alisema anajisikia vizuri tu.

Safari ya tatu Nkwabi alimbembeleza, akakubali. Walimletea kigoda. Alikanyaga kigoda, akaweka mguu mmoja kwenye gari, akashika mlango. Kijana mmoja alimkaribia ili amsukume kwa nyuma. Bibi alipohisi mikono ya mwanamume, tena wa umri wa mjukuu wake, aligeuka kwa haya. Kigoda kikateleza. Alianguka, mkono ukitangulia chini.

Hakupiga ukelele. Alikaa pale kwenye vumbi akiushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akisema polepole, "Samahani. Samahani, jamani."

Nkwabi mwenyewe ndiye aliyemnyanyua na kumweka kiti cha mbele, na siku hiyo alipanda gari, akakaa nyuma na ndoo. Alitapika njia nzima. Kwenye kona za mlimani gari lilipolala upande wa korongo, Fides alifumba macho, akashika dashibodi kwa mkono mzima, midomo inacheza kwa sala. Conjesta aliyaona hayo yote kwa pembe ya jicho, na kila kona aliiona ndefu kuliko ile iliyopita.

Hospitalini walisema kifundo cha mkono kimevunjika, wakakifunga plasta. Wakiwa kwenye benchi nje, Nkwabi amekwenda kutafuta maji, Conjesta alipiga goti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuangusha."

"Hukuniangusha, mwanangu. Ni kigoda."

"Si kigoda, mama."

Fides aliiweka plasta yake vizuri mapajani. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Gari lako ni zuri. Ila sasa limekuwa la vijana. Sisi wengine tutazoea kukaa nyumbani."

Afadhali angemtukana. Maneno hayo Conjesta alirudi nayo bondeni, akalala nayo, akaamka nayo.

Siku iliyofuata alilipeleka gari mtoni kuliosha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alilala chali chini yake na brashi. Na hapo, mgongo kwenye mchanga, akaanza kutazama vizuri kitu ambacho hajawahi kukitazama. Lile difu, chungu cha chuma kilicho katikati ya magurudumu, lilikuwa limekwanguliwa na mawe na tope mpaka limeng'aa. Lakini chasisi, ile mifupa mirefu iliyo juu yake, ilikuwa safi, imebaki na rangi yake ya zamani. Hakuna tope lililowahi kuigusa tangu ainue gari.

Alikaa akafikiri. Difu halikuning'inia kwenye springi. Lilikuwa limekaa kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu. Springi zingeweza kuinuliwa hadi mawinguni, difu lingebaki palepale. Kilicholiinua ni matairi tu. Zile inchi nne zilikuwa zimeinua bodi, na mlango, na mzigo, na mahali pa kukanyaga. Zilikuwa zimeinua kila kitu ila kile kinachokwama.

Plasta ya Fides ilipotolewa, Conjesta alimwomba wafuatane Tunduma. Bibi alishangaa lakini hakukataa. Nkwabi alipanga matofali mlangoni, akamshika mama yake mwenyewe, akampandisha.

Felix aliposikia anachotaka Conjesta aliweka spana chini. "Unataka nilishushe? Mama Angel, watu wanapanda, wewe unashuka?"

"Nijibu kwanza, fundi. Ukiongeza springi, difu linapanda?"

Felix alicheka kidogo. "Haliwezi kupanda. Difu linafuata tairi. Springi kazi yake ni kupata nafasi, tairi kubwa lisikwaruze bodi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Felix, kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Na mimi sikukuuliza unabeba nani. Nilidhani unabeba mpunga."

"Nabeba huyu," Conjesta alisema, akimwonyesha Fides aliyesimama pembeni na pochi yake. "Mama, naomba utusaidie."

Waliokota mbao chakavu gerejini, wakazipanga chini ya mlango moja juu ya nyingine. Fides alitakiwa apande mwenyewe, bila kushikwa. Ubao mmoja, goti likagoma. Wakaongeza wa pili, alijivuta akaachia. Wa tatu, wa nne. Mafundi wa jirani walikuwa wameacha kazi zao wakitazama, na Conjesta aliogopa bibi ataona haya. Lakini Fides alikuwa amekunja uso kama mtu anayechagua mbegu. "Ongezeni mwingine," alisema. Walipoongeza, alishika mlango kwa mkono wa kulia, akaweka mguu, akapanda. Akakaa. Akavuta sketi yake vizuri juu ya magoti, akawatazama wote kutoka kwenye kiti.

"Hapa," alisema.

Felix alipima mbao kwa utepe. "Inchi tatu na ushee. Mlango ushuke hivyo."

Walikaa kwenye benchi wakapiga hesabu pamoja. Springi za inchi mbili badala ya nne: hapo mlango umeshuka inchi mbili. Matairi ya thelathini na tatu badala ya thelathini na tano: yakishuka inchi mbili kwa kimo, ekseli inashuka moja tu, maana nusu ya tairi ndiyo iliyo chini ya ekseli. Jumla tatu. Ile ushee iliyobaki Felix alisema ataimaliza kwa kuchomelea kikanyagio imara chini ya mlango, na kingine nyuma.

"Ila ujue," alionya, "utapoteza inchi moja kwenye difu. Hutakuwa Twiga tena. Kuna mahali utakwama."

"Nitakwama wapi?"

"Tope likiwa na kina kirefu. Tukuwekee matairi membamba basi, si mapana kama haya. Jembamba linakata tope mpaka linafika chini penye ugumu. Hili pana linaelea, na likishindwa kuelea, umekwisha."

"Weka hayo," Conjesta alisema. Safari hii aliuliza maswali mengi, mpaka Felix akaagiza chai.

Sifa zilipungua. Vijana wa bondeni walipoona gari limeshuka walimtania kwamba Twiga amezeeka, na kuna siku utani huo ulimuuma, kwa sababu naye ni binadamu. Masika yalipokuja alikwama mara mbili, akachimba, akatoka. Lakini mlimani gari lilitulia. Kona alizikata bila kushika pumzi. Na taratibu wale wa kando ya njia walianza kuinua mikono tena: mwenye mtoto mgongoni, mwenye fimbo, Stamili na yule mtoto wake wa tope, ambaye sasa anatembea na hataki kushikwa.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimepamba moto, Conjesta alifika kwenye kijito kilichofurika akiwa na gari zima la watu wanaorudi kutoka Tunduma. Gari jingine refu, la vijana wa machimboni, lilimpita likaingia majini, mawimbi yakafika kwenye taa, likavuka likipiga honi. Abiria mmoja wa Conjesta akasema, "Twende na sisi, mama."

Conjesta alishuka, akavua viatu, akaingia na fimbo mpaka maji yakampita magoti. Akarudi.

"Hili la kwetu haliwezi," alisema. "Tusubiri."

Hakuna aliyenung'unika sana. Mtu mmoja alikuwa na mahindi mabichi, mwingine akapata kuni kavu chini ya turubai, wakawasha moto kando ya njia. Fides alikaa palepale kiti cha mbele, mlango wazi, miguu ameiweka kwenye kikanyagio, akawa anawaelekeza wachomaji wasiunguze. Alasiri maji yakashuka, mawe ya katikati yakaonekana. Walizima moto, wakapanda mmoja mmoja, na Conjesta akaingiza gia ya kwanza.