Herufi Ndogo ya Tairi

Wiki yangu ya kwanza kazini, nikiwa bado kwenye majaribio, bosi alinituma nipeleke gari lake gereji ya Gongo la Mboto likafungwe matairi mapya yaliyokuwa kwenye buti, ili kesho yake asafiri na wanawe kwenda Morogoro. Fundi, Mzee Shomari, aliyatazama akayasukuma pembeni.

"Sifungi haya. Herufi yake ndogo."

Niliinama. Ubavuni paliandikwa Q, kubwa kabisa. Nikawaza: labda mzee hakusoma, nitamsahihishaje bila kumvunjia heshima? Nikaokota chaki, nikaandika sakafuni Q na q.

"Shikamoo tena, mzee. Ndogo ni hii. Ya kwetu ni herufi kubwa."

Mafundi wote waliacha kazi.

"Marahaba, msomi," alisema taratibu. "Herufi ni kipimo cha mwendo ambao tairi linahimili, na Q iko chini ya S. Gari hili linataka S. Q ukiikimbiza sana inapata moto, inapasuka na watoto wa watu ndani."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa bosi, amefuata gari lake. Nikajua kazi imekwisha.

"Nifungie S, mzee," alisema akifuta machozi, kisha akanigeukia. "Na wewe Jumatatu njoo na chaki yako. Haya matairi niliyachagua mwenyewe."