Viti vya Mkutubi

Mkutubi akishapanga viti, huvipanga tena. Anasogeza kimoja kwa goti, anakifuta kwa kiganja, anarudi nyuma kukitazama kama fundi aliyemaliza kupiga lipu. Katibu wa kamati, aliyeapa kulifuta tamasha la vitabu ukumbi usipojaa, alikuwa akimsihi tangu asubuhi: "Dada, punguza safu, tusiumbuke." Kila aliposihiwa, mkutubi aliitika "Sawa, kaka," kwa ile sauti yake ya maktabani, kisha akaongeza safu. Milango ilipofunguliwa, watu walimiminika, wakajaa hadi sakafuni, bibi mmoja akamvaa mwandishi aliyealikwa kusoma riwaya yake: "Kwa nini umemuua yule mjane, mwanangu?" Katibu, aliyekuja na hotuba ya rambirambi ya kulizika tamasha mfukoni, alihangaika kutafuta pa kukaa. "Simama tu, kaka," mkutubi alimnong'oneza, "na usiwazibe watu."