Barua ya Kuthibitisha Uhai wa Fundi

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ndogo ya elimu ya afya, karibu na Posta. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Kariakoo. Kwa kuwa Kiswahili changu kilisifiwa, mkuu wangu alinipa pia kazi ya kutunga maneno ya mabango.

Siku moja aliniwekea mezani picha ya mwanamume. Ilikuwa ya uso tu, mashavu yamebonyea, macho yamezama. Mkuu aliinunua kwa mpiga picha wa Kariakoo, kutoka kwenye boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

"Tunataka watu waache sigara," alisema. "Waogope mpaka washindwe kuwasha kiberiti."

"Huyu alikuwa mvutaji?"

"Nimekuambia alikuwa mvutaji? Wewe weka picha, weka maneno. Anayetazama ataunganisha mwenyewe."

Niliandika: ALIVUTA. ALIDHANI MUDA UPO. LEO HAYUPO. Mkuu alisoma mara mbili, akasema mwili umemsisimka. Nilijivuna, sitaficha.

Mabango yakabandikwa. Baba mwenye nyumba wangu, mzee mvutaji aliyekohoa kila alfajiri nyuma ya ukuta wangu, aliliona moja. Siku nne hakuvuta. Nikaona kazi yangu inaokoa watu.

Jumapili iliyofuata, jua limeshapanda, nilikuwa natoka sokoni na kikapu. Mwanamume alisimama mbele ya bango akinipa mgongo, karibu mno na ukuta, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nilipofika usawa wake akageuka. Ilikuwa sura ile ile.

Nikashusha kikapu chini.

"Samahani, dada," alisema taratibu. "Hebu nisomee hapa. Nimesoma mwenyewe, lakini huenda macho yangu hayako sawa."

Nikamsomea mpaka "leo hayupo".

"Kumbe nilisoma sawa," alisema.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kusini, akishona barazani mtaa wa pili. Picha ile aliipiga alipotoka kuugua malaria, kisha hakurudi kuichukua. Sigara hajapata kuionja. Tangu mabango yatoke, watu wa mtaani walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akakipokea kwa ncha za vidole.

"Na juzi nimeanza kukohoa," alisema fundi. "Sijui nimekitoa wapi kikohozi hiki."

Ningeweza kwenda zangu. Nikamwambia ni mimi niliyeandika. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Kwamba sipo, nani alikuambia?"

Wiki kadhaa baadaye alikuja ofisini. Mkuu wangu hakutaka lawama.

"Ndugu, hapa hakuna uongo. Tumetaja jina lako? Tumeandika 'alivuta'. Mbona umejitambua mwenyewe?"

"Mama yangu hasomi, mzee. Yeye anatambua sura."

Akatoa barua mfukoni. Mtu wa kwao aliliona bango akaenda nalo nyumbani. Kule wamekwisha kusoma hitima. Barua iliandikwa kwa wapangaji wenzake, ikiuliza marehemu amezikwa wapi.

"Nipeni karatasi yenye muhuri," alisema fundi. "Iseme nipo."

Niliipiga mwenyewe: Hii ni kuthibitisha kwamba mwenye barua hii yu hai. Mkuu aliisoma, akaniagiza niongeze "kufikia tarehe ya leo". Ghafla amekuwa mtu wa kupima maneno. Fundi aliposoma akauliza, "Na kesho?" Mkuu akagonga muhuri.

Alisafiri, akarudi baada ya wiki tatu. Nilimkuta barazani nikamuuliza mama yake alimpokeaje.

"Alinipikia. Akaweka sahani chini, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mchana nikijilaza mkekani, nahisi kiganja chake mbele ya pua yangu, anapima pumzi. Siku ya tano ndipo aliponishika mkono, akalia." Akakata uzi kwa meno. "Mdogo wangu alikuwa amevaa kanzu yangu. Walishagawa nguo."

Habari ilimfikia baba mwenye nyumba. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, kisha akawasha sigara.

"Kama fundi yu hai, basi na mapafu yangu mazima."

"Baba, bango lilidanganya kuhusu fundi. Kuhusu moshi halikudanganya."

"Utanihakikishiaje, mwanangu? Yote mawili umeandika wewe."

Mzee alifariki masika ya mwaka uliofuata. Hospitali walisema ni kifua. Waombolezaji waliponiuliza kama ni zile sigara, nilijibu sijui. Nilidhani ndizo hizo, lakini sikuthubutu tena kumwekea mtu sababu ya kifo chake. Asubuhi ya kwanza baada ya maziko niliamka nikisubiri kikohozi nyuma ya ukuta, nikasubiri mpaka nikachelewa kazini.

Nilimpelekea mkuu maneno mapya, ya kueleza tu moshi unavyoumiza mapafu. "Nani ataogopa hili?" aliuliza. Nikamwomba anirudishe kwenye kupiga taipu peke yake. Mabango ya Kariakoo niliyakwangua kwa kisu, moja baada ya jingine. La zahanati moja Magomeni walikataa nisiliguse, wakisema linasaidia.

Kikohozi cha fundi kilikwisha bila dawa. Wateja walirudi, na mtaa ukampa jina. "Marehemu, suruali yangu vipi?" walikuwa wakipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, naye akijibu bila kuinua kichwa, "Njoo Alhamisi." Mara ya kwanza kusikia hivyo niligeuka kumtazama. Yeye aliendelea kukanyaga cherehani.

Mwishowe nilimpelekea kitenge anishonee. Alinipima mabega, akanipima mkono, akaandika kwenye daftari. Vidole vyake vilikuwa na joto, kama vya mtu mwingine yeyote, na niliona aibu kwamba nilikuwa nimevisubiri viwe baridi.