Faili la Mengineyo

Siku ya kunyoa nywele, baada ya kumzika kaka yangu nyumbani kwake Tongaren, wazee waligawa vitu vyake kama ilivyo desturi yetu. Koti lilipata mwenyewe, redio ikagombaniwa kidogo, hata wilbaro ilichukuliwa kabla chai haijapoa. Lilipoletwa sanduku la bati lenye karatasi zake, kila mtu akaangalia viatu vyake. Binamu mmoja akasema ati zingefaa kuwashia moto. Nilimkata jicho, nikasema sanduku ni langu.

Kaka alifundisha fasihi ya Kijerumani chuo kikuu maisha yake yote ya kazi. Kijijini walimtania: mwana wa mkulima analipwa kusoma mashairi ya Wazungu! Naye alicheka nao. Wakati wa likizo tulikaa barazani tukipukuchua mahindi, akanisomea shairi kwa Kijerumani, halafu akanifafanulia kwa lugha yetu, pole pole, mpaka nikasahau vidole vinauma. Hakuna mwingine aliyewahi kudhani kwamba mimi naweza kuelewa shairi. Jamani, nazikumbuka sana siku hizo.

Mimi nilikuwa karani wa masjala mjini Kitale hadi nilipostaafu. Kwa mambo ya faili, bana, sina mchezo. Nilipolifungua lile sanduku nyumbani kwangu nilishika kichwa. Shairi limelala juu ya barua, barua juu ya maelezo ya somo, risiti ya mbolea katikati ya karatasi za mitihani. Msomi mzima, na ovyo namna hii! Basi nikaanza kazi. Kijerumani nikakitia faili lake, Kiingereza lake, nikatoboa matundu, nikafunga kwa nyuzi za kijani, nikaandika nambari kwa wino mwekundu. Mambo ya nyumbani niliyaweka kwenye faili la mwisho, nikaliita Mengineyo. Kazi hiyo ilimaliza msimu mzima wa mvua, nami nilijivuna sana.

Chuo chake kilikuwa kimesema kitazihifadhi karatasi hizo maktabani kama zitawafaa wanafunzi. Hicho ndicho nilichotaka kuliko chochote, kwamba kazi ya kaka isizikwe naye. Mtunza nyaraka wao, mama kijana mpole, akaja Kitale kuzikagua. Nilimwandalia chai na mandazi, nikampangia mafaili mezani. Alifungua la kwanza, akatazama wino wangu mwekundu, akauliza karatasi zilikuwa zimekaaje mwanzoni. Nikamwambia hazikuwa zimekaa vyovyote, zilikuwa fujo tu.

Akanionyesha ukingo wa shairi moja, ambapo kaka alikuwa ameandika maneno machache ya Kijerumani kwa penseli. Akanitafsiria: “Lisomwe pamoja na barua ya mama iliyo chini yake.” Kwenye shairi la pili, maneno yale yale. La tatu pia.

Mama yetu hakujua kuandika. Barua zake zote za kwenda Ujerumani, kaka alipokuwa akisoma huko, alizisema yeye, nikaziandika mimi, jikoni kwetu Bumula, nikiwa darasa la tano. Ng'ombe amezaa. Paa linavuja. Baba bado anakohoa. Kaka alikuwa amezilaza moja moja chini ya mashairi aliyoona yanazungumza nazo, nami nimezichomoa zote nikazitia kwenye Mengineyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yule mtunza nyaraka alinituliza, akasema karatasi watazichukua hata hivyo. Ila aliniomba tuketi, nijaribu kukumbuka barua ipi ilikuwa na shairi lipi.

Nilikumbuka moja tu, kwa sababu nilipoikuta niliangua kilio, nikakaa nayo muda mrefu pamoja na lile shairi kabla ya kuzitenganisha. Ilikuwa ile ya kumwambia kwamba baba amefariki, asihangaike kurudi, tumeshamzika. Mtunza nyaraka akanisomea shairi lenyewe kwa Kiswahili. Lilikuwa la mtu aliye mbali, anayesikia kengele za kijijini kwao na hajui zinamlilia nani. Nililia tena, mbele ya mgeni, bila kuona haya.

Kisha akanitandazia mezani barua nyingine zote, na herufi zangu za kitoto zilizopinda, akangoja.

“Sijui, mwanangu,” nikamwambia. “Nilizipanga.”