Nilivyoombolezwa Nikiwa Usingizini

Mimi nakoroma. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na mawifi zangu, ambao wameshalitangaza hadi Chato, ambako sina hata mtu wa kuniazima chumvi. Kwa miaka mingi nilikataa. Mume wangu alikuwa akiamka ananiambia kwa upole, "Jana ulilala vizuri," nami nikidhani nasifiwa.

Aibu ilinikuta Kolandoto, kwenye msiba wa babu yetu mdogo. Wanawake tulitandikiwa mikeka sebuleni, kama kawaida. Siku ya pili, baada ya kuzika na kula wali na maharage, nikajinyoosha chali mchana kweupe, nikalala.

Yaliyofuata nimesimuliwa, maana mimi nilikuwepo bila kuwepo. Inasemekana nilikoroma mpaka wenye mikeka ya jirani wakahamia barazani. Kisha nikanyamaza. Wakashukuru. Ukimya ulipozidi, shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akainama akaniwekea kiganja puani. Hakusikia pumzi. Akapiga yowe: "Ng'wana wane! Mwanangu huyu naye kaenda!"

Kwetu yowe la msiba halina maswali. Unalia kwanza, jina utaliuliza baadaye. Chumba kizima kikaangua kilio, barazani wakaitikia, kiongozi wa kwaya akaanzisha pambio. Wanaume waliokuwa wamepumzika baada ya kazi ya makaburini wakaanza kutafuta majembe upya, huku wakinung'unika kwamba hii familia imezidi.

Hapo pumzi ikanirudia kwa mkoromo mmoja mrefu. Nikakurupuka, nikakuta kila mtu analia. Mimi si mtu wa kukaa kimya wenzangu wakilia. Nikajishika kichwa, nikalia kwa nguvu zote, na katikati ya machozi nikauliza, "Jamani, amekufa nani tena?"

Mama mmoja alikimbia akaacha kandambili zake. Shangazi alinizaba kibao cha bega. "Usirudie!" akasema, na mimi sikujua nisirudie nini.

Watu walicheka mpaka jioni, isipokuwa mume wangu. Alisimama mlangoni akasema, "Ndivyo anavyofanya kila siku. Anakata pumzi, namtikisa, anarudi." Ndipo nikajua kwamba yule mwanaume halali. Kazi yake ni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Geita. Akakiri kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amesinzia amesimama, mkanda wa mashine ukampokonya kofia. Alikuwa ameniambia kofia imepeperushwa na upepo. Nilijisikia vibaya sana. Mkanda uliochukua kofia hautashindwa kuchukua mkono, na mkono huo ungepotea kwa sababu yangu.

Matibabu yakaanza palepale msibani. Mmoja alishauri kitunguu saumu chini ya mto, mwingine akasema nifungwe kidevu kwa khanga. Shangazi alishona gunzi la hindi mgongoni mwa gauni langu la kulalia, ili nikigeuka chali linichome.

Hospitali nilikutana na daktari binti. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba nikilala nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Akanipa kifaa cha kupimia, cha kuvaa kidoleni, nilale nacho nyumbani. Nilipokirudisha, alitazama majibu, akanitazama mimi, akatazama majibu tena.

Akasema kupunguza uzito kungesaidia. Nikamuuliza uzito upi. Akasema kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, ila tatizo langu ni kubwa kuliko kifaa. Upasuaji nao unawafaa baadhi ya watu, na kwangu hakuona cha kukata. Kulala ubavu kunasaidia kiasi. Nilimfikishia shangazi habari hiyo, na tangu hapo, kwa ajili ya gunzi lake, anataka yeye ndiye tumwite daktari. Iliyobaki ni mashine ya kusukuma hewa kwa bomba mpaka kwenye barakoa, ili koo lisijifunge. Tuliifuata Mwanza.

Usiku wa kwanza hapa nyumbani kwetu Kalangalala, Geita, mtoto wetu wa mwisho aliniona nimeivaa akaenda kulala kwa jirani. Mimi nililala kimya kabisa, na ukimya ndio ukamtia mume wangu wazimu.

"Mama watoto, uko?"

Nikifungua mdomo kujibu, hewa inanijaza mashavu, inatoka "puuu" tu. Anatulia, baada ya muda ananitikisa tena. Ikawa hivyo siku nne. Nilimwambia mashine imekuja kunisaidia kupumua, na yeye amekuja kunizuia kulala. Akasema hawezi kuiamini, hata ukoo wake haufahamu.

Siku ya tano niliamka mwenyewe, jua limeshaingia dirishani. Mume wangu alikuwa amelala kando yangu, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika bomba la mashine. Miaka kumi na minne ya ndoa, nilikuwa sijawahi kumwona amelala. Sikujua kwamba usingizini anatabasamu. Simu yake ikaita, ni msimamizi wa karasha anauliza mtu wake yuko wapi. Nikavua barakoa, nikanong'ona kwamba leo haji, amelala. Kisha nikamsogezea shuka, nikabaki nikisikiliza anavyopumua.