Nukta Niliyoitangaza Kasense

Ninafundisha fizikia sekondari, Katandala, na nyuma ya nyumba yangu ipo darubini yenye kamera niliyopewa na kikundi cha watazama anga wa nchi mbalimbali. Mbali kusini, ndani ya barafu, kuna mitambo inayonasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita kwenye milima na miili yetu bila kugusa kitu. Ikinaswa yenye nguvu isiyo ya kawaida, simu zetu hupokea taarifa: tazameni upande fulani wa anga, huenda ilikotoka kuna nyota iliyolipuka.

Kiangazi hiki taarifa ilinikuta nasonga ugali, giza ndiyo kwanza linaingia. Niliepua sufuria, nikakimbilia uani, nikapiga picha. Nilipoilinganisha na picha ya zamani ya sehemu ileile, niliona nukta ambayo haikuwepo. Utaratibu wetu unataka usubiri, upige picha nyingine, uone kama nukta imesogea. Sikusubiri. Nilituma ripoti, kisha nikampigia simu mama, anayeishi Kasense.

"Mama, nimeona kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona!"

Asubuhi wenzangu walinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Nukta yangu ilikuwa jiwe linalozunguka jua, linajulikana miaka mingi. Lilikuwa linapita tu.

Nikapanda bodaboda kwenda kumweleza mama kabla hajamwambia mtu. Nilichelewa. Wanawake wa jumuia walikuwa wamejaa uani kwake, wanakunywa togwa baada ya sala.

"Huyu hapa!" mama alisema, akanishika mkono. "Waeleze mwenyewe, mwanangu. Mimi ile nyutrino inanishinda kuitamka."

Nilitaka kumvuta pembeni, lakini wote walikuwa wameshanyamaza, wananitazama. Nikawaambia nimekosea. Nikaeleza habari ya lile jiwe, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo sauti yangu ilivyozidi kufifia.

"Kwa hiyo hakuna nyota?" aliuliza bibi mmoja.

"Hakuna, bibi."

Mtu alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Mama aliniachia mkono. Alichukua jagi, akaanza kuongeza togwa kwenye vikombe ambavyo vilikuwa bado vimejaa.

Baadaye alinisindikiza hadi barabarani.

"Ungenipigia," alisema.

"Niliona aibu, mama."

"Na mimi je? Tangu alfajiri nimepita nyumba kwa nyumba. Hata padri nimemwambia."

Tulisimama vumbini. Alinitoa jani kavu la muhindi begani, kama vile mimi bado ni mtoto.

"Rudi ule kwanza," akasema.

Nikamwambia nina kipindi shuleni. Ilikuwa Jumamosi, naye alijua. Aliitikia tu, akageuka, akarudi kwa wenzake.